Fundi Sponji na Mkeka wa Mwalimu

Mambo yote ya dunia hii Fundi aliyapima kwa kidole gumba. Mkate aliubonyeza kabla ya kuununua, papai alilibonyeza, na akienda kumjulia hali mgonjwa, kabla hajauliza dawa ameshaliminya godoro na kutikisa kichwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Mtaa mzima walimwita Sponji, na hakukasirika, kwa kuwa alijua hakuna wa kumzidi. Ungemfunga macho ukamwekea vipande sita vya sponji, angekwambia kipi kitambeba mtu miaka kumi na kipi kitalala chini kabla ya mwaka kwisha. Ubaya wa mtu anayekijua kitu kimoja sana ni kwamba hudhani anakijua na cha jirani yake. Fundi alikuwa na ubaya huo, na wala hakuuficha.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mumewe, hata wakiwa wawili tu chumbani. Yeye naye alimwita Fundi. Akikasirika ndipo alipomwita baba watoto, na Fundi akisikia hivyo alijua maji yamefika shingoni.

Darasa la Mwalimu lilikuwa na watoto kumi na nane na halikuwa na kiti cha mwalimu. Kiti alikiondoa mwenyewe miaka mingi nyuma, akampelekea mlinzi wa geti. Alisema mtoto huwezi kumfundisha kutoka juu, utamwumiza shingo bure na asikusikie. Kwa hiyo alikaa chini nao, akainuka nao, akakaa tena, mara arobaini kwa siku au zaidi. Wenzake walimcheka, halafu watoto wake walipofika darasa la kwanza wakisoma kama maji yatiririkayo, kicheko kikakauka.

Asubuhi moja aliinua mkono wa kushoto kufuta ubao na mkono ukaanguka. Walimu walipompigia Fundi, alikimbia akiwa na chaki sikioni, akamkuta mkewe amelala kwenye saruji ya darasa, shavu chini, jicho moja limefumba, na watoto wamepangwa ukutani kimya kama hawapo. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kushoto. Picha ile ya shavu juu ya saruji haikumtoka Fundi. Tangu siku hiyo aliichukia sakafu kama mtu anavyomchukia mwizi aliyemwona kwa macho.

Miezi minne baadaye mdomo wa Mwalimu ulikuwa umerudi mahali pake, na maneno yote nao, hata yale makali. Mkono ulirudi nusu. Mguu ulichelewa. Mkuu wa shule alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi zuri kuliko yote aliyowahi kukalia, akasema bila kuzunguka kwamba nafasi itasubiri mpaka shule zifunguliwe, si zaidi. Hakutaka mengi. Mwalimu aweze kukaa chini na kuinuka bila kuvutwa na mtu, basi, mengine yatajiseti. Zilibaki wiki tisa. Mwalimu alitundika kalenda pembeni mwa kitanda, na kila asubuhi alikata siku moja kwa kalamu nyekundu, ileile aliyosahihishia madaftari.

Kliniki, mara moja kwa mwezi, alionana na daktari wa mazoezi, dada mmoja kijana mwenye raba za kukimbilia na sauti ya taratibu. Huyo ndiye aliyemwingiza kwenye yoga. Fundi alipolisikia neno hilo alidhani ni mchezo wa vijana wenye viuno vyembamba, lakini aliyoyaona yalikuwa mambo ya mtoto anayejifunza kusimama: kulala chali na kuinua nyonga, kukaa kwa magoti na viganja, kupiga goti moja, kuutanguliza mguu mbele, kisha kuinuka polepole pumzi ikiwa imeshikwa vizuri. Nyumbani, daktari akasema, itahitajika mikeka miwili mitatu ya kujaribu au mmoja uliochaguliwa kwa akili. Akaandika kwenye karatasi: uwe mwembamba, uwe wa mpira usioteleza, uwe mrefu kuliko mgonjwa kwa shubiri moja, na magoti yakiuma akunje taulo ayawekee. Akampa Fundi karatasi mkononi.

"Mzee, usimnunulie mnene," alimwambia mlangoni. "Mguu wake unaitafuta sakafu. Usimfiche sakafu."

Fundi aliitikia kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda nyumbani kwake. Karatasi akaitia mfuko wa shati, pamoja na chaki.

Hata hivyo dukani alikwenda, ili asisemwe. Palikuwa na duka la vifaa vya michezo nyuma ya kituo cha mafuta, na muuzaji wake alikuwa mwanamke wa makamo aliyefunga miwani kwa uzi shingoni. Alimtandazia mkeka wa yoga juu ya meza. Fundi akaubonyeza, na gumba lake likagonga meza. Akajaribu mwingine, likagonga tena. Aliuliza kwa heshima kama hizo ni sampuli na mikeka yenyewe iko stoo. Muuzaji akamjibu kwamba mkeka wa yoga hupimwa kwa mguu, haupimwi kwa kidole. Fundi akacheka mpaka akafuta macho. Yaani mgonjwa wake, mke wake wa ndoa, alazwe juu ya kitu chembamba kama ganda la daftari, na chini yake kuna vigae? Aliaga vizuri akaenda zake karakana.

Kochi la mteja lilisubiri siku mbili na nusu. Fundi alichukua sponji laini kuliko zote, ile ya kuegemea mgongo, akaikata unene wa inchi tatu. Akaivika mahameli ya zambarau, rangi ambayo Mwalimu aliwahi kuishika dukani akaiacha kwa kuwa si ya watu kama wao. Pembeni akaizungushia kamba ya pindo, mshono mmoja baada ya mwingine, na hakuna mahali uzi uliporuka. Akibonyeza, gumba lilizama lote lisiguse chochote. Alifurahi kweli. Alikuwa ameishinda sakafu.

Mwalimu alipouona aliupapasa kwa mkono wa kulia, kisha akauleta wa kushoto taratibu, akaupapasa na huo, machozi yakamtoka. Dada yake Fundi, ambaye alikuja kuwasaidia kazi za nyumbani, alisema hata wenye nyumba za ghorofa hawalalii kitu kama kile. Mwalimu alisema, "Fundi, huu si mkeka, hii ni barua ya mapenzi." Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwambia neno kama hilo, na Fundi alitoka nje akajifanya anatafuta kitu kwenye ndoo.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kwa sababu ilikuwa wiki ya kulala. Wiki ya pili alipopiga magoti, magoti yalizama, mwili ukayumba, akashika kitanda akacheka akasema amelewa mahameli. Fundi alicheka pia, ila kicheko chake kilikatika kabla ya wakati. Alikuwa ameona kitu, akakifukuza.

Jumanne ya wiki ya tatu Mwalimu alijaribu kuinuka. Fundi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Mwalimu alipiga goti la kulia, akautanguliza mguu wa kushoto kama alivyofundishwa, akavuta pumzi, akauegemea. Sponji ikaumeza unyayo. Kisigino kikazama kuliko vidole, kifundo kikapinda kando, na mahameli ya chini, ambayo Fundi mwenyewe aliichagua kwa ulaini, ikateleza juu ya vigae kama sabuni. Mwalimu alianguka kwa bega lile bovu.

Chai ilimwagika. Fundi alimfikia, akamkalisha, akamfuta uso. Mwalimu hakulia. Aliuangalia mguu wake kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyemwamini akamwibia.

"Mguu umekufa, Fundi," alisema.

Sasa hapa ndipo pa kumpima mtu. Fundi alikuwa ameona. Jicho lake lililozoea kuona sponji inavyobeba lilikuwa limeona unyayo unavyozama, likaona na mteremko. Alijua sababu kabla bega halijafika chini. Sentensi moja ilitosha, tena fupi: si mguu, ni sponji yangu. Badala yake alisema pole, Mwalimu, tutajaribu tena kesho. Ulimi ukarudi ukalala.

Bega halikuvunjika, liliteguka kidogo na kuvilia damu. Mwalimu akapanda kitandani, na kalamu nyekundu ikalala chini ya kalenda. Hakukata siku tena. Mazoezi alikataa, hata yale ya kulala. Chakula alikula ili wasimsumbue. Dada yake Fundi, kwa nia njema, alimkalia kitandani akamwambia wifi yangu, kiungo kina siku zake, kikikataa kimekataa, mshukuru Mungu una mdomo na una mkono wa kulia. Mwalimu alisema ni kweli. Fundi alikuwa sebuleni, akasikia yote, na akapata shughuli ya kunyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka.

Mkeka wa mahameli aliukunja akaurudisha karakana, akisema anakwenda kukaza uzi. Hakuna aliyemuuliza uzi gani. Huko aliitoa karatasi ya daktari mfukoni, imejaa vumbi la chaki, akaisoma mara ya kwanza kwa ukweli. Uwe mwembamba. Usioteleza. Kila neno lilikuwa pale, kwa mwandiko wa kusomeka, na yeye alikuwa amelibeba kifuani siku zote hizo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, lakini hawakusema guu lenyewe linaweza kuwa la mke wa mtu.

Kila siku alipanga kusema. Asubuhi alisema atasema mchana, mchana akaona mgonjwa amepumzika, jioni akaona si vizuri kumwudhi mtu kabla hajala. Mwanamume huyu ambaye angeweza kumwambia tajiri usoni kwamba kochi lake ni takataka alishindwa kufungua mdomo mbele ya mwanamke aliyelala. Aibu ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni ya fundi aliyekosea kazi. Ya pili ndiyo iliyomkaba zaidi: alikuwa ameitwa mwandishi wa barua ya mapenzi, na barua yenyewe imemwangusha mtu.

Siku ya kumi na moja Mwalimu aliomba karatasi na bahasha. Aliandika akiwa ameegemea mto, mistari minyoofu, herufi za mwalimu, hakuna aliyeweza kujua zimetoka kitandani. Alipomaliza alimwita Fundi.

"Mpelekee mkuu wa shule," alisema. "Mwambie asinisubiri. Atafute mtu mwenye miguu."

Bahasha haikubandikwa. Fundi aliipokea, akasema sawa, akaitia mfuko wa shati. Ikakaa juu ya karatasi ya daktari, na hapo pakawa na makaratasi mawili, moja likiwa limezaa jingine.

Njia ya shule ilipinda kulia kwenye duka la rangi. Fundi alipinda kushoto. Karakana alifunga mlango, akautandaza mkeka wa mahameli juu ya saruji, akavua viatu. Alipiga goti, akautanguliza mguu wa kushoto, akainuka bila shida. Moyo wake ukaruka: labda kweli ni mguu. Akajichukia kwa kufurahi. Halafu akakumbuka kwamba mguu wake yeye ni mzima, unasikia kila kitu, na wa Mwalimu unasikia kidogo kama mtu aliyezibwa masikio. Akachukua mabaki ya sponji, akaufunga unyayo wake wa kushoto tabaka mbili, akazungushia utepe mpaka kwenye kifundo, mguu ukawa kiziwi. Mkono wa kushoto akauingiza ndani ya mkanda usimsaidie. Akapiga goti tena.

Alianguka vibaya. Kiwiko kiligonga fremu ya kochi na meno yakagongana. Akarudia, akaanguka tena, upande uleule, kwa mtindo uleule aliouona siku ya Jumanne. Akausukuma mkeka pembeni, akapiga goti juu ya saruji tupu, sakafu ileile aliyoichukia, na mguu wake kiziwi ukagonga kitu kigumu, ukajua ulipo. Aliinuka. Aliyumba, lakini aliinuka.

Alichukua kisu cha sponji akakichomeka kwenye kona ya mahameli, akachana mpaka ndani. Alikusudia kuuchana wote. Mkono ukamwishia nguvu kwenye kona ya kwanza, akakaa chini na mguu wake uliofungwa kama mwanasesere, akalia. Tusimfiche, alilia kwa sauti, na mteja aliyekuja kuulizia kochi lake akageuka mlangoni akaenda zake.

Muuzaji wa duka la michezo alimkumbuka. Alivaa miwani, akamtazama kuanzia kiwiko kilichochubuka hadi utepe uliokuwa ukining'inia kwenye suruali, akamuuliza kama leo kidole hakikuja.  Fundi alisema tu kwamba anataka mkeka, na kwamba ataukanyaga kwanza.

Muuzaji alifunga utani wake akaanza maswali. Mwenyewe ana tatizo gani? Sakafu ya saruji au vigae? Fundi alijibu. Je, viganja vinatoa jasho? Fundi akafikiri, akasema cha kushoto kinatoa, tena sana. Na je, ataukunja na kuutandaza mwenyewe, au atakunjiwa? Mkono wake mbovu unaweza kubeba uzito gani?  Fundi alijua sponji ya kila kochi mtaani, na hakujua mkono wa mkewe unaweza kushika nini. Hakuwahi kumuuliza, kwa kuwa kila kitu alimshikia yeye. Aliona haya mbele ya mwanamke yule asiyemjua kuliko alivyowahi kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Basi akavua viatu, akaufunga tena unyayo kwa sponji iliyokuwa mfukoni, akajaribu mmoja baada ya mwingine katikati ya duka. Wa kwanza ulikuwa wa bei ya chini, unang'aa, mwepesi kama hewa, na alipousukuma kwa kiganja ukatembea nacho. Mnene alioonyeshwa hakuumaliza, aliukanyaga mara moja akashuka haraka, kwa kuwa alimjua ndugu yake wa zambarau. Mmoja wa nyuzi za mmea ulikuwa imara lakini ulikwaruza magoti, na ngozi ya upande wa Mwalimu ingechubuka asijue. Mzito wa mpira mtupu ulishika vigae kama kucha, ila ulinuka kama tairi jipya na ulihitaji mikono miwili kuuinua. Muuzaji akalowesha viganja vyake kwa maji, akavisukuma juu ya mkeka mwingine wa mpira, mwembamba zaidi ya ule, usiofika hata nusu ya ncha ya kidole. Havikuteleza. Fundi alipiga goti juu yake, mguu kiziwi mbele, mkono kwenye mkanda. Watu wawili waliokuwa wakichagua mipira walisimama kutazama mzee akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa. Mara ya saba akasema ni huu. Kisha akaukunja kwa mkono mmoja, wa kushoto, kuhakikisha. Ilimchukua muda, lakini ulikunjika.

Alipofika nyumbani Mwalimu alikuwa amegeukia ukuta.

"Umempa?" aliuliza bila kugeuka.

"Sijampa."

Akageuka. Fundi alibaki amesimama, mkeka kwapani, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Alisema yote, na aliyasema vibaya, ya mwisho mwanzo. Alisema sponji. Alisema karatasi ya daktari, akaitoa akaiweka kitandani. Alisema jinsi kisigino kilivyozama na mahameli ilivyoteleza, na kwamba yeye mwenyewe ameanguka mara mbili leo kwa mguu mzima. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Uliona siku ileile?"

"Niliona."

"Siku ileile, nikiwa bado chini?"

"Niliona, Mwalimu. Niliona aibu nikanyamaza."

Mwalimu alikaa kitako, kwa shida, akakataa mkono wake.

"Baba watoto," alisema. "Siku kumi na moja nimelala hapa nauzika mguu mzima. Na wewe ulikuwa unanishikia jembe."

 Fundi alitamani mkewe amtukane, amrushie kitu, lakini Mwalimu alikuwa akisoma karatasi ya daktari, mstari kwa mstari, kama anasahihisha. Alipomaliza alimwambia autandaze huo mkeka, halafu atoke afunge mlango. Fundi akasema angalau amshike mwanzoni. Mwalimu akasema toka.

Alitoka. Dada yake alikuja mbio akifuta mikono, akitaka kujua kuna nini, na Fundi akauzuia mlango kwa mgongo wake. Ndani walisikia kitanda kikilia, kisha miguu, kisha kimya, kisha kishindo. Dada yake akataka kuingia. Fundi akatikisa kichwa, machozi yanamshuka, akabaki pale pale. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, kusimama tu bila kuweka kitu laini chini ya mtu. Kikaja kishindo cha pili, kidogo kuliko cha kwanza. Wakasikia pumzi. Wakasikia Mwalimu akijihesabia kwa sauti ya darasani, moja, mbili, tatu, kama anavyowahesabia watoto wakati wa kuinuka. Halafu muda mrefu hapakuwa na kitu.

Kitasa kilizunguka. Kilikuwa juu, mtu aliye chini hakifikii.

Mwalimu alikuwa amesimama, ameshika fremu ya mlango, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya gauni, mguu wa kushoto unatetemeka. Hakutabasamu. Alinyoosha mkono.

"Barua."

Fundi aliitoa mfukoni, ina alama za chaki. Mwalimu akaitia mfuko wa gauni lake.

"Hii ikienda, itakwenda kwa miguu yangu. Ikichanika, nitaichana mimi. Wewe huibebi tena."

"Sawa, Mwalimu."

Walisimama hivyo, mke ndani, mume nje. Dada mtu aliona heri arudi jikoni. Fundi hakujua kama amesamehewa, na ukweli ni kwamba alikuwa bado. Ilimchukua Mwalimu siku nyingi kumwita Fundi tena, na alikuwa na haki ya kila siku kati ya hizo.

"Lile godoro lako liko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Karakana."

"Likate vipande vya kukalia watoto. Kumi na nane."

Fundi alipiga hesabu ya kifundi palepale, vitatu kwa sita, kisha akainamisha kichwa.

"Vitatoka kumi na saba. Kona moja niliichana kwa kisu."

Mwalimu alimwangalia mumewe, kiwiko chake, utepe kwenye suruali yake. Hakumuuliza kona ilichanwa kwa nini.

"Basi wa kumi na nane atakaa na mimi," alisema, na akauonyesha mkeka mwembamba kwa mguu wake wa kushoto.